Sura ya Sita: Orodha Isiyorudia Jina

Daktari Klementi alikuwa anakula pweza wa kukaanga kwa kijiti cha meno, saa mbili asubuhi, juu ya ripoti ya kifo cha mtu. Si kando ya ripoti, juu yake hasa. Mafuta yalikuwa yameloa karatasi mpaka upande wa pili.

Inspekta Scholastica Namkwecha alisimama mlangoni akaitazama ile karatasi. Koplo Yahya, nyuma yake, akatazama dari.

"Karibu afande. Pweza?"

"Nimeshakunywa chai," Scholastica alisema. Hakuwa amekunywa, lakini kuna watu ambao hata ukila nao mezani unajikuta unataka kusukutua.

Kituo cha Afya Ukingoni kipo pembeni ya barabara, nje kidogo ya Kilwa Masoko. Alhamisi iliyopita aliletwa hapo mwanamke wa miaka ishirini na sita, Zakia Hussen Likwata, mkazi wa Kilwa Kisiwani, akiwa na homa kali. Akachomwa sindano ya penisilini. Nusu saa haikuisha, akafa, kwa sababu mwili wake ulikuwa haupatani kabisa na dawa hiyo, na kituo chenyewe kilishaliandika jambo hilo mwaka juzi alipokuwa mjamzito. Aliyemchoma alikuwa nesi aitwaye Witness. Ijumaa jioni Klementi, ambaye ndiye mganga mfawidhi, alimkabidhi Witness polisi kwa mkono wake. Leo ilikuwa Jumatatu. Saa nane mchana binti angepandishwa kizimbani kwa kusababisha kifo kwa uzembe, na akishasomewa shtaka hilo, kazi ya unesi aisahau. Jalada lilikuwa kwapani mwa Scholastica na lilikuwa jepesi mno kwa mzigo huo.

"Nyie watu wa sheria mnapenda kuzungusha mambo," Klementi alisema. Akajifuta vidole kwenye koti lake jeupe, akaigeuza laptopu. "Hili ni jepesi. Njoo uone mwenyewe."

Ilikuwa fomu ya Eksel, ya bluu, ina nembo ya kituo juu. Pembeni ya neno MGONJWA palikuwa na kimshale. Ukikibonyeza, majina ya wagonjwa wote yanashuka, kila jina na kijiji chake ubavuni. Unachagua jina, na fomu yenyewe inakwenda kuchota habari za mtu huyo: namba ya kadi, umri, hali yake, na mzio, yaani dawa ambazo mwili wake unazikataa.

Klementi alishuka mpaka herufi ya mwisho. Zakia Hussen Likwata, Miteja. Chini yake, Zakia Hussen Likwata, Kisiwani. Akabonyeza wa juu. Mzio: hakuna. Akabonyeza wa chini. Kisanduku kikawa chekundu: PENISILINI, HATARI.

"Umeona? Watu wawili, mistari miwili. Mwenzangu akachagua wa juu kwa sababu alikuwa na haraka ya kwenda kuchati. Mtu amekufa kwa uvivu wa kidole." Akacheka kidogo, akachoma kipande kingine cha pweza.

"Orodha hii imekuwa hivi tangu lini?"

"Hivi vipi?"

"Majina yote mawili yanaonekana."

"Siku zote. Tangu tuanze fomu hii mwezi wa nne."

"Hakuna aliyeibadilisha?"

"Nani abadilishe? Neno la siri ninalo mimi. Mimi na yule binti wa Kihindi aliyeitengeneza, wa dukani kwa Hasanali. Kama unatafuta pa kuchokonoa, kachokonoe huko." Akaegemea kiti. "Lakini ningekuwa wewe, afande, ningemaliza tu. Ndugu wa marehemu wameshatulia. Nesi ni nesi, nitaletewa mwingine."

Scholastica akamwambia Yahya atoe flashi mpya, ikanakiliwa fomu nzima mbele ya mwenyewe, ikatiwa kwenye bahasha ya kielelezo, ikafungwa. Klementi akatia sahihi kwenye mfuniko wa bahasha na kuacha alama ya kidole gumba, ya mafuta, safi kuliko ambazo wataalamu wa alama za vidole huzipata kwa unga wao.

* * *

Mahabusu ya Masoko ilikuwa na joto na harufu ya ndoo. Witness alikuwa bado na sare yake ya Ijumaa, mkanda wameuchukua. Alipomwona inspekta alisimama wima kama yuko wodini.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa. Nieleze ulichokiona siku ile. Usinieleze unachofikiri, nieleze ulichokiona."

"Nilibonyeza kimshale nikashuka. Akatokea Zakia Hussen Likwata. Mmoja. Mzio, hakuna."

"Mmoja?"

"Mmoja, afande. Niko tayari kuapa."

"Ubavuni kuliandikwa kijiji gani?"

"Miteja," alisema. "Niliona. Sitakudanganya. Mgonjwa ametoka Kisiwani, kompyuta inasema Miteja, nikafikiri ndiko anakolima. Wa Kisiwani wangapi wana mashamba bara? Na umri ulikuwa ule ule, ishirini na sita."

"Hukumuuliza mwenyewe?"

"Alikuwa anaweweseka. Nikamuuliza mkwe wake aliyemleta. Akasema yeye dawa za mtu hazijui, anajua kumpikia uji."

"Na daftari lake la matibabu?"

"Daktari ameyakataza madaftari tangu fomu ije. Mgonjwa akija nalo analitupa kwenye pipa mbele yake. Anasema madaftari yanatia aibu, sasa tuko kwenye kompyuta."

Scholastica aliandika neno pipa akalipigia mstari. "Ulishawahi kumwambia kwamba kuna majina hayaonekani?"

"Mwezi wa sita. Kuna mzee tulimtafuta humo hatukumpata, na mwenyewe yupo mbele yetu amekaa. Daktari akaniambia nisimharibie siku, wageni wa mradi wako njiani." Akavuta pumzi. "Afande, mama yangu ameuza mbuzi wake wote nisome hii kazi. Nikisomewa leo, mimi nitarudi kwake na nini?"

Scholastica alifunga daftari lake. Maneno ya kuliza yamejaa mahabusu yote, na kazi yake haikuwa kulia. Lakini alipotoka nje alimwambia Yahya aendeshe haraka kidogo.

* * *

Duka la Hasanali linauza madaftari, wino, mihuri na bahasha, na nyuma yake Farheen, binti yake, ana meza ya kompyuta anapowatengenezea watu fomu zao. Ni msichana wa miaka ishirini na minne, haongei sana, na akiongea hapepesi macho.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hii fomu ya Ukingoni ni kazi yako?"

"Ni yangu."

"Ilikuwa inaonyesha Zakia wangapi?"

"Ile niliyomkabidhi daktari, mmoja tu," Farheen alisema bila kufikiri. "Hata wangekuwa kumi, angeonekana mmoja."

Scholastica akavuta kiti.

"Alikuja mwezi wa nne, wageni wanakaribia," Farheen alisema. "Akisukuma kile kimshale, majina mengine yalikuwa yanashuka mara mbili. Akasema huu ni uchafu, wageni watadhani ana wagonjwa hewa. Nikamwambia, daktari, pengine ni watu wawili kweli. Tutumie namba ya kadi, ndiyo itofautishe. Akakataa. Akasema namba zinajaza fomu, anataka kila jina litokee mara moja."

"Ukafanya."

"Nikafanya." Hakukwepa. "Ni mistari sita tu ya makro, yaani maagizo yanayoiendesha fomu kwa ndani. Inapita majina moja moja kuanzia juu. Jina ikilikuta mara ya kwanza, inaliweka kwenye orodha. Ikilikuta tena, inaliruka. Kijiji haikiangalii, namba haiiangalii. Fikiria mwalimu anayeita mahudhurio halafu hataki kusoma jina aliloshalisoma. Yule mtoto wa pili yupo darasani, ila hataitwa maisha."

"Na habari zinazokuja kwenye fomu?"

"Ni za yule wa kwanza. Daima za wa kwanza."

Yahya akafungua bahasha mbele ya wote, akaandika saa. Farheen akaingiza flashi, akafungua sehemu ya ndani ambako makro zinaandikwa, akashuka polepole. Kisha akaacha kushuka.

"Imetolewa," alisema. "Na aliyeitoa ameyaacha maelezo yangu. Soma."

Yalikuwa maandishi ya kijani: Mistari sita inayofuata huondoa majina yanayorudia. Usiguse bila kuniuliza. F. Chini yake palikuwa patupu.

"Neno la siri unalo na wewe," Scholastica alisema.

"Ninalo."

"Alhamisi na Ijumaa ulikuwa wapi?"

"Lindi. Mitwero, kwa dada yangu, amejifungua. Nimerudi jana." Akachukua tiketi mbili za basi chini ya kikokotoo, akaziweka mezani.

"Mtoto ana kilo tatu na nusu," Hasanali alisema kutoka kaunta, kana kwamba na hiyo iandikwe kwenye jalada.

Scholastica alizitazama tiketi, akampa Yahya azipige picha. "Haya. Sasa niambie mistari hii imetolewa lini."

"Hapo ndipo siwezi kukusaidia. Faili hili linafunguliwa na kuhifadhiwa kila siku, tarehe yake ni ya leo daima. Inaweza kuwa imetolewa Alhamisi. Inaweza kuwa mwezi wa nne ule ule, mara nilipotoka kwake."

Na Klementi angesema mwezi wa nne, bila kupepesa, kijiti mdomoni. Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na robo. Ushahidi wa binti huyu ulieleza fomu ilivyozaliwa. Haukueleza fomu ilikuwaje Alhamisi asubuhi, na kosa la Witness lilikuwa la Alhamisi asubuhi.

"Tuitafute kwa njia nyingine," Scholastica alisema. "Kama ile mistari ilikuwepo, watu wa pili walikuwa hawaonekani, na asiyeonekana hawezi kuandikiwa tiba. Nitolee majina yote yaliyomo mara mbili. Halafu nionyeshe kila mmoja ametibiwa lini."

Haikumchukua Farheen dakika kumi. Majina yaliyojirudia yalikuwa kumi na moja. Kumi na moja, na kila moja lilikuwa watu wawili kabisa, kadi mbili, vijiji tofauti au umri tofauti. Tangu mwezi wa nne mpaka Alhamisi iliyopita, wale wa pili hawakuwa na hudhurio hata moja. Wa kwanza ndio waliobebeshwa kila kitu.

"Huyu Tawakali Yahya Mnonji," Farheen alisema, akiweka kidole kwenye kioo. "Tarehe kumi na mbili mwezi wa saba ameng'olewa gego. Siku hiyo hiyo amepimwa uzito kliniki ya watoto. Kilo saba."

Koplo Yahya alicheka kwa pua, halafu akaona uso wa bosi wake, akaacha.

"Ametibiwa na kwa minyoo, dozi ya nani sijui," Farheen aliendelea, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Na kuanzia Ijumaa, angalia. Watu wa pili wanne wameandikwa. Ijumaa wawili, Jumamosi wawili. Miezi mitano hakuna, siku mbili wanne."

"Afande, si basi hapo?" Yahya aliuliza.

"Si basi. Atasema walikuwa hawajaumwa. Atasema manesi ni wazembe wote, si Witness peke yake, na hakimu atamsikiliza kwa kuwa ana koti jeupe." Scholastica alisugua macho. Alichokuwa anakitaka ni kitu kilichoandikwa Alhamisi yenyewe, na mkono ambao Klementi asingeweza kuukana.

Pazia la duka lilisogezwa. Aliingia mwanamke kijana aliyejitanda kanga ya msibani, miguu ina vumbi.

"Asalaam aleikum. Nimetoka kituoni polisi, wameniambia afande Scholastica yuko huku. Mliniita Jumamosi nije kuandika maelezo."

"Aleikum salaam. Wewe ni nani, mwanangu?"

"Zakia Hussen Likwata. Wa Miteja."

Hasanali aliacha kufunga bahasha. Ilikuwa ni jambo moja kuliona jina kwenye kioo, na jambo jingine kuliona linavuta kiti na kukaa. Scholastica akampa pole ya msiba, akamwachia anywe maji kwanza.

"Ilikuwaje mkawa na jina moja?"

"Bibi yetu mzaa baba ndiye Zakia," mwanamke alisema. "Baba ana wake wawili, mama yangu Miteja, mama mdogo Kisiwani. Mimi nimezaliwa, nikapewa jina la bibi. Baada ya miezi mitatu akazaliwa mwenzangu. Mama mdogo akasema na wa kwake hawezi kukosa jina la mkwe, au yeye ni mke wa pembeni? Baba akaona bora amani, akatupa sote. Nyumbani mimi naitwa Zakia wa Bara, yeye Zakia wa Maji. Hakuna aliyetuchanganya hata siku moja, watu si walikuwa wanatufahamu." Akaweka chini maji aliyopewa. "Samahani nimechelewa. Nimetoka matangani alfajiri, nikapitia Ukingoni kuchukua vidonge vyangu vya presha, vimeniishia msibani. Nimekaa saa mbili nzima na hawakunipa."

"Kwa nini?"

"Dada wa dirishani anasema kompyuta inaonyesha mimi nimekufa."

Farheen alikuwa ameshageukia kibodi. Alifungua ukurasa wa nyuma, ule ambao fomu inaandikia kila kitu, akatafuta, akasoma kwa sauti bila kuinua kichwa.

"Kadi mia mbili kumi na saba. Zakia Hussen Likwata, Miteja. Hali: amefariki. Alhamisi, saa tano kasorobo asubuhi. Aliyeandika: mganga mfawidhi."

"Na wa Kisiwani?"

"Kadi mia nane tisini na tatu. Hali: hai."

Scholastica alinyanyuka. Alimwomba Farheen achapishe kurasa zote mbili na azitie sahihi, kisha akamgeukia Zakia.

"Mwanangu, unaweza kufuatana na mimi mahali pasipopendeza?"

* * *

Klementi alikuwa amemaliza pweza na sasa anamenya chungwa. Sahani tupu bado ilikuwa juu ya ripoti ya kifo, na maganda ameyapanga juu ya sahani. Zakia alibaki kwenye benchi la nje, pamoja na wagonjwa.

"Umeshachokonoa?" Klementi aliuliza.

"Nimechokonoa. Nimebakiza maelezo yako ya maandishi, nifunge." Scholastica alimwekea karatasi na kalamu, na kabla hajaandika akamkumbusha kwamba atakachoandika kitasomwa mahakamani. "Andika orodha imekuwa na majina yote mawili tangu lini, na Alhamisi asubuhi ilikuwaje."

Aliandika haraka, kwa mwandiko wa mtu anayependa sahihi yake. Tangu mwezi wa nne majina yote yalionekana. Alhamisi asubuhi majina yote mawili yalikuwepo. Mtu yeyote mwenye macho angeyaona.

"Nani aliyekiandika kifo kwenye kompyuta?"

"Mimi. Kitufe hicho manesi hawana ruhusa nacho. Nilikiandika mwenyewe, saa tano kasorobo."

"Ulikuwa na haraka?"

"Haraka ya nini? Mtu ameshakufa." Akala kipande cha chungwa. "Mimi sina uzembe huo."

"Niandikie na hilo hapo chini."

Akaandika. Akatia sahihi. Koplo Yahya akatia yake kama shahidi, akaweka saa: saa saba na dakika kumi.

"Sasa nifungulie Zakia wa Kisiwani," Scholastica alisema. "Yule marehemu."

Klementi alibonyeza kimshale, akashuka, akachagua. Kisanduku chekundu kikatokea. Chini yake, kwa herufi ndogo ambazo pengine hakuwahi kuzitazama tangu Alhamisi, iliandikwa hali: hai. Mkono wenye chungwa ukabaki hewani.

"Nifungulie na wa Miteja."

Hakufungua. Yahya akamzunguka, akabonyeza yeye. Hali: amefariki.

"Majina yote mawili yalikuwepo, umeandika," Scholastica alisema. "Mtu yeyote mwenye macho angeyaona, umeandika. Hukuwa na haraka. Marehemu ulikuwa unamjua, ulikuwa umetoka tu kumfunika shuka, umeambiwa ametoka Kisiwani. Ukachagua wa Miteja. Kwa nini, daktari?"

"Hiyo ni kompyuta," Klementi alisema. "Kompyuta zinafanya..."

"Ulichagua wa Miteja kwa kuwa Alhamisi saa tano kasorobo hapakuwa na mwingine wa kuchagua. Kama ambavyo nusu saa kabla yako hapakuwa na mwingine kwa Witness."

Mkono wa Klementi ulikuwa unatambaa kuelekea kwenye kipanya.

"Toa mkono."

Akautoa. Juisi ya chungwa ilikuwa inamchuruzika mpaka kwenye saa yake ya mkononi. Scholastica alimwambia Yahya amsomee haki zake, na Yahya akasoma yote, kwamba halazimiki kusema, kwamba anaweza kumwita wakili. Klementi alisikiliza huku anatikisa kichwa, na Yahya alipomaliza tu, yule bwana akaanza kusema. Wengi huwa hivyo. Ukimya unawatisha kuliko jela.

"Majina yenyewe ya hawa watu, afande, hebu fikiria. Mtu anazaa mabinti wawili anawapa jina moja. Kompyuta ifanye nini? Ile orodha ilikuwa inatia kinyaa. Wageni wametoka mbali, unawafungulia, majina yanarudia rudia. Nilisafisha tu."

"Witness alikwambia mwezi wa sita kwamba watu wanapotea."

"Alinitajia. Nikasema wageni wakiondoka tutarekebisha."

"Wakaondoka lini?"

"Mwezi wa sita huo huo."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi nilirudisha. Saa saba mchana nilikaa hapa nikafuta ile mistari, yule binti alikuwa ameyaandika maelezo vizuri. Nisingerudisha angekufa na mwingine. Hilo hulioni?"

"Nimeliona. Saa saba ulijua nini kimemuua. Ijumaa jioni ukatuletea Witness."

Klementi alijifuta mdomo. Alisema taratibu, kwa sauti ya mtu anayemweleza mwenzake jambo la busara. "Ni nesi tu, afande. Ana miaka miwili kazini. Mimi nina kumi na tisa."

Scholastica amewahi kukaa meza moja na watu waliochinjana kwa ajili ya mpaka wa mikorosho. Kwa hao alisikia hasira, na kwa mmoja au wawili alisikia hata huruma. Kwa huyu alisikia kinyaa tupu, kile cha kukanyaga kitu laini kwa mguu mtupu na kutotaka kuangalia chini. Alitamani afungue dirisha. Badala yake alichukua ile sahani kwa ncha za vidole, maganda na vyote, akaiweka sakafuni, akaivuta ripoti iliyokuwa chini yake. Jina la marehemu lilikuwa limeloa lakini linasomeka.

Akapiga simu kituo cha polisi. Ilikuwa saa nane kasorobo.

"Witness asipande gari la mahakamani. Ndiyo, mtoeni kwenye orodha ya leo, mrudishieni mkanda wake, mpeni na chai. Mpigieni simu mama yake. Na hicho chumba msikifunge, namleta mtu."

Yahya alikuwa anaizima laptopu ili aitie kwenye mfuko wa vielelezo.

"Subiri kwanza, kaka," sauti ilisema mlangoni.

Zakia wa Miteja alikuwa amechoka kukaa benchini. Aliingia, akainama kidogo kama alivyofundishwa. "Shikamoo, daktari."

Klementi alimtazama, akalitazama jina lake kwenye kioo, akainamisha uso. Shikamoo ikabaki haijaitikiwa. Zakia hakujali. Alisogea mpaka karibu na meza, akasoma polepole, midomo inatembea.

"Kwa hiyo humu ndani mimi ndiye nimekufa."

"Kwa makosa," Scholastica alisema. "Yatasahihishwa. Ila sasa ni kielelezo, hakiruhusiwi kuguswa mpaka kesi iishe. Vidonge vyako utapewa leo, nitasimama mwenyewe dirishani."

"Na mdogo wangu yu hai."

"Humo, ndiyo."

"Kesi itachukua muda gani?"

"Mwaka. Inaweza kufika miwili."

Zakia aliweka kidole juu ya kioo, kwenye mstari wa Kisiwani. Alikaa hivyo mpaka Koplo Yahya akashusha mfuko aliokuwa ameushika.

"Basi msiwe na haraka," alisema.

Akajitanda kanga yake vizuri, akarudi benchini kusubiri vidonge.